Louis Braille, Mwalimu wa Historia Asiyeona

Wengi wetu twamkumbuka Louis Braille kwa maandishi ya nukta nundu, tukasahau kwamba kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu. Katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Wasioona mjini Paris alifundisha hisabati na historia, na ni katika historia tunapoona wazi zaidi alichokipigania.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 huko Coupvray, kijiji kilicho mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu alichezea kifaa chenye ncha katika karakana ya baba yake, kikamchoma jicho. Uambukizo ukaenea hadi jicho la pili, na alipofikia miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Paroko wa kijiji, Padre Jacques Palluy, alimfundisha na kumtafutia nafasi katika shule ya watoto wanaoona. Tusiichukulie hatua hiyo kuwa ndogo, kwani zama zile vipofu wengi maskini waliishia kuombaomba.

Mwaka 1819 alipokelewa katika Taasisi. Mwanzilishi wake, Valentin Haüy, alikuwa amebuni vitabu vyenye herufi za kawaida zilizochomoza juu ya karatasi. Vilikuwa vikubwa, vizito na vichache, navyo vilisomwa polepole mno. Tena havikumpa mwanafunzi njia ya kuandika mwenyewe. Somo la historia lina majina mengi na miaka mingi. Asiyeweza kurudia ukurasa wala kuandika muhtasari wake hubaki na kile tu alichosomewa na mwingine, kwa namna alivyochaguliwa kusomewa.

Akiboresha mfumo wa nukta wa Charles Barbier, Louis alipata, akiwa na miaka 15, alfabeti ya nukta sita zinazotosha chini ya ncha ya kidole. Aliichapisha mwaka 1829. Mwaka 1837 Taasisi, chini ya mkurugenzi Pignier, ilitoa kwa maandishi hayo muhtasari wa historia ya Ufaransa katika majuzuu matatu. Wanafunzi wa Braille sasa walikuwa na kitabu cha somo lake mikononi mwao.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, na mrithi wake, Dufau, akapiga marufuku nukta, akihofu kwamba maandishi ya pekee yangewatenga wasioona na jamii. Hofu hiyo ilikuwa na sura ya wema, lakini aliyeitoa alikuwa anaona. Wanafunzi waliendelea kuandika kwa siri. Mwaka 1844, jengo jipya lilipozinduliwa, Guadet, msaidizi wa Dufau, aliutetea mfumo huo hadharani.

Braille, aliyepiga pia kinanda katika makanisa ya Paris, alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, siku ya Tokeo la Bwana. Taasisi iliyapokea rasmi maandishi yake mwaka 1854. Mwaka 1952 mwili wake ulihamishiwa Panthéon. Mikono yake ilibaki Coupvray.