Vic Edelbrock: Fundi aliyewalaza vigogo

Agosti 1950, uwanja wa Gilmore, Los Angeles, vigogo walifungwa bao ambalo hawakulitegemea. Kwenye mbio za vigari vidogo, injini za Offenhauser ndizo zilikuwa zikitamba. Ford V8-60, injini ya gari la kawaida la mtaani, ilionekana kama timu ya mkiani tu.

Lakini benchi lake lilikuwa na Vic Edelbrock, mzaliwa wa Kansas mwaka 1913, fundi mwenye gereji California. Jamaa alichanganya nitromethane kwenye mafuta. Kitu hicho kinabeba oksijeni yake chenyewe, hivyo kabureta lazima imwage mafuta mengi kuliko kawaida. Yakipungua, pistoni inatoboka. Cheche ya plagi nayo ikiwahi mno, injini inagonga. Ikichelewa, nguvu inapotea.

Edelbrock hakuwa mtu wa kubahatisha. Injini zake alizifunga kwenye mashine ya kupima nguvu, akirekebisha kidogo kidogo.

Rodger Ward akashika usukani, Ford ikaziacha Offenhauser zote nyuma.

Kansa ilimchukua Edelbrock mwaka 1962, akiwa na miaka 49 tu. Kabureta zenye jina lake zinauzwa mpaka leo.