Nishani Iliyoanguka Sakafuni



Wiki iliyopita wazazi wawili walikuja kwangu parokiani kwa nyakati tofauti, na kilio chao kilifanana. Wa kwanza, mwanawe hasogei mpaka aone fimbo. Wa pili, mwanawe hafungui daftari mpaka aahidiwe kitu. Wote niliwasimulia habari za Maria Montessori. Jina lake mnaliona kwenye vibao vya chekechea, zikiwemo za masista wetu, lakini ni wachache wanaojua alikuwa nani.

Alikuwa Mkatoliki, aliyezaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Alisomea udaktari wakati wanawake hawakutarajiwa huko, akahitimu Roma mwaka 1896. Kazi yake ya mwanzo ilimpeleka kwa watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki. Akaona kwamba wakipewa vitu vya kushika na kufanyia kazi kwa mikono yao, wanajifunza.

Tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Tokeo la Bwana, kikafunguliwa chumba cha watoto alichokabidhiwa mtaani San Lorenzo, mtaa wa makabwela pale Roma. Wazazi walishinda vibaruani, na watoto wakabaki kuchafua kuta na ngazi. Wenye majengo walitaka tu mtu wa kuwatuliza. Watoto walikuwa kama 50, na msichana aliyewaangalia hakuwa amesomea ualimu.

Mwanzoni Maria naye aliamini, kama sisi, kwamba mtoto huvutwa kwa zawadi. Siku moja aliingia akakuta mtoto ameketi kitini katikati ya chumba, nishani kifuani. Ungedhani ndiye aliyefanya vizuri. Kumbe ndiye aliyeadhibiwa! Nishani ilikuwa ya mwenzake, aliyekuwa akipita huku na huku amebeba vifaa vyake, ikamwanguka. Yule wa kitini akaiokota, akamwuliza kama haitaki. Mwenzake hakujali, akamwachia, akaendelea na shughuli zake. Basi aliyeadhibiwa akajivika, akatulia kwa raha zake. Nishani ilimfaa asiye na kazi; mwenye kazi ilimzuia tu.

Nikiri jambo hapa. Nikiwa padre kijana niliwagawia pipi watoto wa katekisimu waliojua sala. Pipi zilipokwisha, nusu yao hawakuonekana tena. Niliwalaumu watoto.

Siku nyingine Maria aliwafundisha kupenga kamasi. Alitoa leso, akawaonyesha namna ya kufanya hivyo taratibu, bila kelele. Alitegemea kicheko. Walinyamaza wakimtazama, na alipomaliza wakampigia makofi kwa nguvu. Alishangaa, mpaka alipotambua kwamba watoto hawa walikuwa wamegombezwa na kuaibishwa siku zote kwa ajili ya pua zao, na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha. Kila nikisoma Mtume Paulo akiwaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao hadi wakate tamaa, naikumbuka leso ile.

Mtu asidhani kwamba aliwaachia wafanye watakavyo. Aliyesumbua wenzake alizuiwa. Aliwekewa meza ndogo pembeni, kiti kizuri na vitu anavyovipenda, mahali anapowaona wenzake wakifanya kazi. Alihudumiwa kama mgonjwa, bila kusemwa. Karibu kila mara alitulia, na mwisho akatamani kurudi kwa wenzake.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo haisimuliwi sana kwenye mahafali ya chekechea. Mwaka 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa, na daktari mwenzake. Kwa aibu ya nyakati zile mtoto alipelekwa kulelewa na familia nyingine shambani, na mama alimtembelea bila kujitambulisha. Alipokuwa akiwainamia watoto wa San Lorenzo, wa kwake alikuwa akikua mbali. Mario alirudi kwake akiwa kijana wa miaka kama 15, na hata hapo kwa muda mrefu watu waliambiwa ni mpwa wake. Simhukumu. Nadhani alijua kwa ndani yake kile ambacho hofu ya kuadhibiwa humfundisha binadamu: kuficha.

Mario hakumwacha tena. Walikuwa pamoja India vita vilipowakuta mwaka 1940. Waingereza wakamweka Mario kizuizini kwa kuwa ni Mwitalia, kisha wakamwachia kwa heshima ya mama yake alipotimiza miaka 70. Maria alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952, mwanawe akiwa karibu naye, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mji huo. Alikuwa na miaka 81, na katika siku hizo za mwisho mama na mwana walikuwa wakizungumzia safari ya kuja Afrika.