Ibn al-Jazzar: Tabibu wa Wasio na Tabibu



Mwanafunzi wa udaktari anayepelekwa kijijini kwa mafunzo hufika na kichwa kilichojaa majina ya dawa na vipimo. Siku ya kwanza tu anagundua kwamba dawa nyingi kati ya hizo hazimo kabatini, na mgonjwa aliyekaa mbele yake hana nauli ya kwenda mjini. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Mwislamu mmoja wa bara letu la Afrika alilikabili jambo hili kwa kalamu na kwa mikono yake.

Abu Ja'far Ahmad ibn al-Jazzar alizaliwa mwishoni mwa karne ya 9 huko Qayrawan, katika nchi ya Tunisia ya leo. Baba yake na ami yake walikuwa matabibu, na kutoka kwao alipata misingi ya kazi. Kisha alisoma kwa Ishaq ibn Sulayman, tabibu Myahudi aliyetoka Misri. Dini ya mwalimu haikumzuia kuchota elimu.

Alipoanza kutibu, alitenga kazi mbili. Yeye alikaa ndani akiwatazama wagonjwa na chupa zao za mkojo. Barazani, mlangoni pa nyumba, alimweka mtumishi wake Rashiq na sharubati, maajuni na dawa nyingine zilizokwisha kutayarishwa. Dawa na malipo vilipitia kwa mtumishi huyo, na tabibu mwenyewe hakupokea fedha mkononi mwa mgonjwa. Wanahistoria wanasimulia kwamba alipomponya kijana wa ukoo wa kadhi mkubwa, alirudishia zawadi ya dhahabu na mavazi aliyoletewa, kwa kuwa hakutaka kufungwa na fadhila za wenye mamlaka. Msimu wa joto alikuwa akienda Monastir, pwani, kukaa na wachamungu waliolinda mpaka wa bahari.

Aliandika vitabu vingi. Kimoja kilihusu malezi na maradhi ya watoto. Kingine kilihusu tiba ya mafakiri na masikini. Humo alitafuta dawa za bei nafuu, zinazopatikana kwa urahisi, mahali pa zile za gharama ambazo masikini angezisikia kwa jina tu. Kilichovuma zaidi ni Zad al-Musafir, yaani masurufu ya msafiri. Kina sehemu 7, na kinapanga maradhi kuanzia kichwani hadi miguuni, ili aliye mbali na matabibu apate pa kushika.

Mwanafunzi mmoja kutoka Andalus alikaa naye miezi 6, kisha akarudi kwao na kitabu hicho. Katika karne ya 11 Constantine Mwafrika alikifasiri kwa Kilatini, na kikawa miongoni mwa vitabu vya kufundishia tiba Ulaya. Hivyo kitabu kilichomjali msafiri asiye na tabibu kikawalea matabibu wa nchi za mbali.

Ibn al-Jazzar alifariki mnamo mwaka 979, akiwa amepita umri wa miaka 80. Aliacha mali, na aliacha vitabu vingi vya kupimwa kwa mizani.

Enyi wanafunzi wa tiba, wengi wetu tunakuona kupangiwa kijijini kama adhabu, na tunahesabu siku za kurudi mjini. Lakini kumtibu masikini kwa kilichopo si elimu ya daraja la chini. Inahitaji kuijua dawa kiasi cha kujua ipi yaweza kushika nafasi ya nyingine, na kumjua mgonjwa kiasi cha kujua anachoweza kununua. Hayo hujifunzwa pale pale alipo mgonjwa. Muhula huu, barua ya kwenda kijijini ikikufikia, funga mzigo kwa nia njema.

Allah amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.