Denis Burkitt na Mtoto wa Jinja

Safari hii nimechagua maisha ya daktari ambaye hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkristo aliyeishika dini yake kwelikweli. Ugonjwa unaoitwa kwa jina lake bado unaleta watoto katika wodi za mashariki mwa Uganda, na alianza kuuelewa hapo Jinja.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, na wakati wa mapumziko alichora ramani za ndege wadogo, kila mmoja na eneo lake. Tangu utotoni Denis alikuwa na jicho moja tu, na bado akawa daktari wa upasuaji! Alifika Uganda mwaka 1946, akapelekwa Lira. Huko aliona kwamba wagonjwa wa mabusha walitoka zaidi upande wa mashariki wa wilaya kuliko magharibi, naye akachora ramani. Tabia ya baba hiyo.

Mwaka 1957, akiwa Mulago, Dokta Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu haliwi hivyo, na saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alipotazama nje dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule, yupo na mama yake. Akatoka kumpima, akakuta na tumboni mna uvimbe. Mmoja ni ajabu, lakini wawili ni ugonjwa. Aliporudi Mulago alipekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza.

Kisu hakikusaidia. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na ukikatwa taya, upo tumboni.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu swali lake ndilo letu tunaosoma udaktari Mbale: nani atafaidika na upasuaji, na nani ataumizwa bure? Burkitt alikuwa na jicho, mikono na kamera. Siku hizi tunaiuliza damu. Mwili unaopambana na saratani huwaka: chembe nyeupe za nutrofili hupanda, limfosaiti hupungua, ini humwaga protini iitwayo CRP, na albumini hushuka. Watafiti wa Glasgow walitengeneza kipimo kutokana na hayo. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita na albumini ikiwa chini ya gramu 35, mgonjwa wa saratani, ya utumbo mpana kwa mfano, ana hatari zaidi hata baada ya kupasuliwa vizuri.

Ni kipimo kizuri na cha bei nafuu, ila mimi nina shaka kukihamishia kwetu hivihivi. Malaria nayo hupandisha CRP. Tena Waafrika wengi wana nutrofili chache kwa maumbile yao bila ugonjwa wowote, kwa hiyo mpaka uliowekwa Ulaya unaweza kumwita salama mtu asiye salama. Lazima namba hizi zipimwe kwa wagonjwa wetu wenyewe.

Burkitt angeuliza wapi kabla ya kuuliza kiasi gani. Mwaka 1961 yeye na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson walipanda gari kuukuu, wakasafiri kama kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ugonjwa ulifuata joto na mvua, ukatoweka kwenye nyanda za juu. Ukitaka kuelewa, toka mjini Mbale upande Masaba: kadiri baridi inavyozidi, mbu wa malaria wanapungua, na uvimbe huu pia. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda.

Burkitt, daktari wa kisu, akaweka kisu chini na kujaribu dawa. Aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufariki mwaka 1993. Baadhi ya watoto aliowatibu walipata dozi moja au mbili tu kabla ya wazazi kuwarudisha nyumbani, na miaka ilipita uvimbe usirudi.