Gary Kildall: Mwasisi Aliyesahaulika

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vyuo vidogo vya tarakilishi vya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Buruburu, Umoja na Kayole, mashine aghalabu zilikuwa za mitumba na za kampuni mbalimbali. Hata hivyo, mwanafunzi aliyejifunza kwa mashine moja aliitumia nyingine bila taabu, na kote alizikuta diski zikiitwa kwa herufi, A au C. Wachache mno walilijua jina la msomi aliyeuwekea msingi ulinganifu huo.

Gary Arlen Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 mjini Seattle, Marekani, katika familia iliyoendesha shule ya uongozaji wa vyombo baharini. Alisomea Chuo Kikuu cha Washington, akatunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1972, kisha akafundisha katika chuo cha jeshi la wanamaji huko Monterey, California.

Zama hizo vichakataji vidogo vya Intel vilikuwa vimeanza kuuzwa, lakini wengi hawakudhani kwamba vingeweza kuendesha tarakilishi kamili. Kildall aliviundia lugha ya programu iliyoitwa PL/M. Mwaka wa 1974 alidhihirisha CP/M, mfumo endeshi uliokiwezesha kichakataji kidogo kuwasiliana na diski. Yeye na mkewe, Dorothy McEwen, walianzisha kampuni ya Digital Research kuuza mfumo huo.

Mchango wake mkubwa ulifuata baadaye kidogo. Badala ya kuuandika upya mfumo mzima kwa kila aina ya mashine, aliugawa sehemu mbili. Sehemu ndogo ya chini, aliyoiita BIOS, ilifanya kazi ya mkalimani: ndiyo pekee iliyozijua tabia za mashine husika. Sehemu ya juu, pamoja na programu zote zilizoitegemea, haikubadilika. Hivyo programu moja ikaweza kutumika katika mashine za watengenezaji wengi.

Mwaka wa 1980 wajumbe wa IBM walifika Pacific Grove kutafuta mfumo endeshi. Yaliyojiri siku hiyo husimuliwa kwa namna tofauti, ila mkataba haukufungwa. IBM iligeukia Microsoft, nayo ikanunua kutoka kampuni nyingine mfumo ulioigiza mtindo wa CP/M. Kildall alipolalamika, IBM ilikubali kuuza mifumo yote miwili. Hata hivyo, wake uliuzwa dola 240, na ule wa Microsoft dola 40. Wanunuzi hawakusita kuchagua.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kildall hakukosa mali, kwani kampuni yake ilinunuliwa na Novell mwaka wa 1991. Alichokosa ni sifa. Alifariki tarehe 11 Julai 1994 akiwa na umri wa miaka 52. Mwaka wa 2014 ndipo kibao cha ukumbusho kilipowekwa Pacific Grove, penye nyumba iliyokuwa makao ya kampuni yake.

Historia ya taaluma aghalabu huwakumbuka waliotamba sokoni. Ilhali wazo la Kildall lilifika hadi Kayole, likatumikia maelfu ya vijana, bila jina lake.