Sayyid Ahmad bin Sumait: nahodha aliyekuwa kadhi

Ndugu Waislamu, sisi tulioko Nyamongo, mbali na pwani, huenda tukadhani kuwa maulamaa wa zamani hawakujua kazi nyingine isipokuwa ya msikitini. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa nahodha wa jahazi la biashara, huku akisoma fiqhi kwa baba yake na kwa masheikh wa Unguja na Hadhramaut.

Angali kijana, Sayyid Barghash alimpa ukadhi wa Unguja. Mwaka 1885 akauacha, akaenda Istanbul kwa Sayyid Fadhl bin Alawi kuzidisha elimu. Huko Sultani Abdulhamid wa Pili alimtunuku nishani. Alipitia Misri na Makka, kisha akarejea Unguja mwaka 1888, Sayyid Barghash akiwa amekwisha fariki, akashika tena ukadhi.

Zama hizo zilikuwa nzito. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza, na tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zikalipiga kasri la Sultani kwa mizinga. Dola ilidhoofika, lakini wajane na mayatima bado walihitaji wa kuwagawia mirathi kwa haki. Sayyid Ahmad alibaki, akihukumu na kusomesha, na akiandikiana barua na Sheikh Muhammad Abduh wa Misri.

Alifariki Unguja mwezi Mei 1925. Wazazi wenzangu, tusiwachagulie watoto wetu baina ya riziki na elimu. Yeye alivichukua vyote viwili. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.