Mzungu wa Kazi: Maisha ya Alexander Mackay wa Usambiro

Mtu akizitaja Shinyanga na Geita, wengi hukumbuka mara moja almasi za Mwadui na dhahabu ya Geita. Lakini kabla almasi ya Mwadui haijapatikana mwaka 1940, na kabla migodi ya dhahabu ya Geita haijafunguliwa katika miaka ya 1930, aliishi pande hizi fundi mmoja ambaye hakuchimba kitu cha kuondoka nacho. Alikaa Usambiro, kusini ya Ziwa Victoria, tangu mwaka 1887 mpaka alipokufa mwaka 1890. Jina lake ni Alexander Mackay. Vitabu vya historia humtaja zaidi katika habari za Uganda, na miaka yake ya mwisho huku kwetu hupewa mistari michache tu. Kwa hiyo nimeona vema kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari zake kwa ufupi.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye ndiye aliyemfundisha kusoma nyumbani. Mtoto alipenda vitabu, lakini alipenda pia kuwatazama mafundi wakifanya kazi zao. Alipokua alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha akajifunza uhandisi wa mitambo. Mwaka 1873 alikwenda Berlin, nchi ya Ujerumani, akapata kazi nzuri katika kiwanda cha mashine. Mshahara aliupata, na heshima aliipata. Kama angalitaka kukaa huko na kutajirika, hapana mtu ambaye angalimlaumu.

Mwaka 1875 ilitangazwa katika gazeti moja la London barua ya msafiri Stanley, aliyekuwa amefika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Barua ile iliwataka Wakristo wa Uingereza wapeleke walimu, tena walimu wenye kujua kazi za mikono. Mackay aliona kwamba wito ule unamhusu yeye. Akajitoa kwa chama cha C.M.S., na mwezi wa Aprili 1876 akasafiri pamoja na wenzake. Jumla yao walikuwa wanane. Siku ya kuagana aliwaambia wakubwa wa chama kwamba kabla ya miezi sita kupita huenda wakasikia mmoja wao amekufa, akawasihi wasivunjike moyo bali wapeleke mwingine. Ikawa kama alivyosema.

Kazi yake ya kwanza katika nchi yetu ilikuwa ya jasho. Mwaka 1877 alipewa kupasua njia kutoka Saadani pwani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230 hivi. Alifanya kazi hiyo pamoja na vibarua wenye mashoka, mapanga na majembe. Walikata miti, wakajaza mabonde, wakatengeneza vivuko vya mito. Hata hivyo magari ya ng'ombe aliyotumaini yangepita humo hayakufika mbali, maana mbung'o waliwaua ng'ombe. Mackay hakukaa kulia. Aliendelea na safari, na mwezi wa Juni 1878 akafika Kageye, katika Usukuma, kando ya Ziwa.

Huko alikuta huzuni. Wenzake wawili, Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877 katika ugomvi ambao haukuwa wao. Mizigo yao ilikuwa imelundikwa chini ya paa moja: vyuma vyenye kutu, vitabu vilivyoliwa na mchwa, na mashua iliyopasuka. Watu wengine wangalitaka kulipiza kisasi. Mackay alivuka kwenda Ukerewe kwa Mtemi Lukonge bila silaha, akazungumza naye kwa amani, akarudi salama. Kisha akakaa siku nyingi akipanga vyuma, akiunga mbao, na kuziba mashua ile. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule akawasili Buganda.

Katika Buganda alikaa karibu miaka tisa. Alijenga karakana yenye fuawe na mvukuto, akafundisha vijana kufua chuma na kuranda mbao. Alichimba kisima, na watu wakashangaa kuona maji yakitoka ardhini juu ya kilima. Alichonga herufi za kupigia chapa, na kwa herufi hizo wanafunzi wake wakapata karatasi za kusomea kwa Kiganda. Kwa sababu hiyo watu walimpa jina la Mzungu wa Kazi. Jina hilo lilikuwa heshima, kwa kuwa lilimtofautisha na wageni ambao kazi zao zote zilifanywa na watu wengine.

Hata hivyo si haki kumsifu tu. Mackay alikuwa na kichwa kigumu. Mapadre wa Kifaransa walipofika Buganda mwaka 1879, yeye na Padre Lourdel walibishana mbele ya Kabaka juu ya imani, na watu wa nyumba ya mfalme wakashindwa kujua yupi kati ya Wakristo hawa anasema kweli. Mabishano yale yaliacha mfarakano ulioitesa nchi ile baadaye.

Tena wako waliolipa gharama kubwa kuliko yeye. Mutesa alipokufa mwaka 1884, mwanawe Mwanga akashika ufalme, naye alikuwa na hofu juu ya wageni na dini yao. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni, Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, walichomwa moto. Mackay alijaribu kuwaombea wasiuawe, asifaulu. Mwaka uliofuata wengi zaidi waliuawa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, hasa tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo. Sisi tulio shuleni yafaa tukumbuke kwamba wengi wao walikuwa vijana kama sisi, na wengine walikuwa watoto.

Mwezi wa Julai 1887 Mackay alilazimishwa kuondoka Buganda. Alikuwa amekaa Afrika miaka kumi na mmoja bila kurudi kwao hata mara moja. Angaliweza kushika njia ya pwani na kwenda kupumzika. Badala yake alivuka Ziwa akashukia kusini, akajenga makao yake Usambiro. Pale hapakuwa na kabaka wa kumtazama, wala baraza la kumsifu. Palikuwa na wanakijiji, homa, na kazi.

Basi akaanza upya. Alijenga nyumba na karakana. Aliunganisha mtambo wa kupigia chapa, akapiga chapa sehemu za Injili kwa Kiganda ili Wakristo waliobaki Buganda wasikose kitu cha kusoma. Mwezi wa Machi 1888 alimzika Askofu Parker, aliyekuja kumsaidia akafa kwa homa pale pale Usambiro.

Mwaka ule ule vita viliingia Buganda. Mwanga alipinduliwa, na mwezi wa Oktoba wamisionari wote wakafukuzwa. Mapadre wa Kifaransa na watu wa C.M.S., waliokuwa wakibishana miaka yote ile, walitiwa katika mashua moja iliyoitwa Eleanor. Mashua hiyo ndiyo aliyoiunga Mackay mwenyewe kusini ya Ziwa miaka michache kabla. Njiani kiboko aliitoboa, baadhi ya watu wakazama, waliosalia wakaiziba wakaendelea mpaka huku kusini. Hivyo mbao alizozipigilia misumari mtu mmoja ziliwavusha ndugu zake na wapinzani wake pia. Naye Mwanga, ambaye chini yake Mackay alifukuzwa, alikimbilia kusini ya Ziwa na kupewa hifadhi na mapadre wa Bukumbi. Alimwandikia Mackay pia kuomba msaada, ingawa alikuwa amemtenda mabaya.

Mwezi wa Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro pamoja na Emin Pasha na watu wao waliochoka na njaa na safari. Mackay aliwapokea, wakapumzika kwake kwa muda wa majuma matatu hivi. Stanley alimsihi aende naye Ulaya, na chama chake pia kilitaka arudi kupumzika. Alikataa, kwa sababu hakuona mtu wa kushika kazi yake.

Wakati huo alikuwa akiunganisha boila na injini kwa ajili ya chombo cha mvuke cha kusafiri Ziwani, na mezani alikuwa akifasiri Injili ya Yohana. Kazi hizo mbili hakuzimaliza. Homa ya malaria ilimshika, na tarehe 8 Februari 1890 akafariki, akiwa na umri wa miaka 40. Alizikwa Usambiro. Mwaka 1927 mifupa yake ilichukuliwa ikazikwa tena Namirembe, mjini Kampala.

Maisha ya mtu huyu yatufundisha nini? Shuleni petu wako wanafunzi wa dini mbalimbali, na si kusudi langu kumvuta mtu katika dini yangu. Nasema hivi tu: Mackay alikuwa na elimu ya juu kuliko watu wengi wa siku zake, lakini hakuona aibu kushika nyundo. Kwake sala na msumeno havikugombana. Aliamini kwamba mtu akikuambia Mungu anakupenda, kisha akakuacha unakunywa maji machafu huku yeye anajua kuchimba kisima, maneno yake hayana uzito.

Siku hizi wako vijana wanaodhani kwamba cheti cha kidato cha nne ni ruhusa ya kuacha jembe na nyundo. Wanamwona fundi kuwa mtu aliyeshindwa masomo. Kijijini pompa ya kisima ikiharibika hukaa miezi mingi ikimngoja mtu kutoka mjini, ijapokuwa wasomi wamo. Ukimsoma Mackay utaona kwamba elimu isiyofika mikononi ni mzigo tu. Wahenga walisema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mackay hakungoja apewe; alilichukua mwenyewe. Je, sisi wenyeji tutangoja nani atupe?